Alama ya Spana

Mlikuja watatu Jumamosi, mkakaa kwenye viti vyangu vya plastiki, mkanywa chai mkamaliza na mkate, ndipo mkaniambia mnafungua duka la vitabu vya katuni hapa Kisumu na mnataka ushauri wa mzee. Nikawasikiliza. Mkanieleza rangi za ukuta, taa za kuning'inia, intaneti ya bure na mashine ya kahawa. Mashine ya kahawa, jamani. Sikusema kitu kwa sababu mke wangu alikuwa ananitazama kwa lile jicho lake la kuninyamazisha. Leo ameenda kanisani, mkutano wa akina mama, hatarudi mpaka saa tisa. Nimepata nafasi yangu ya kusema, nawarekodia kwenye simu.

Mimi nilifanya kazi kwenye duka la katuni la Mama Pesila kuanzia katikati ya miaka ya themanini mpaka lilipofungwa, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko, mlango unatazama mashariki, rafu tatu za mbao, benchi moja, na kalenda ya mwaka uliopita. Mama Pesila alikuwa mwanamke mnene kutoka Maragoli mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Mimi ni Mjaluo wa Kisian. Kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, na tulipokosana kila mtu alirudi kwao, yeye anafoka kwa Kimaragoli, mimi najibu kwa Dholuo, na hakuna aliyejua ametukanwa nini. Huo ndio urafiki wa kazi, nyinyi mkipata wa namna hiyo mshukuru Mungu.

Kabla ya hapo nilikuwa dobi katika hoteli moja mjini. Nilifua mashuka na vitambaa vya meza miaka minne, na nilitia fora. Doa la mchuzi, doa la mvinyo, doa la kutu, yote nilijua dawa yake. Hoteli ilipopunguza watu nikapunguzwa, na Mama Pesila, ambaye tulikuwa tunasali naye, akanichukua. Siku ya kwanza tu akaniita Dobi mbele ya wateja, na mpaka leo wapo wazee mjini wanaodhani hilo ndilo jina nililobatizwa.

Sasa, mnataka kujua mambo ya kazi. Chukueni haya ya kuanzia. Kitabu kilichosafiri kwenye gunia la omena, dagaa wa ziwani, kitanuka omena hata ukikiombea. Dawa yake ni kukifungia ndani ya katoni pamoja na makaa makavu siku tatu, na usifungue kuchungulia. Kurasa zikilegea, usitumie uzi wa fundi cherehani, utakatika. Tumia uzi wa nyavu. Wavuvi wa Luanda Kotieno walituletea vipande vya nyavu zilizochakaa, tukazifumua, na kitabu kilichoshonwa kwa uzi ule kilikuwa kigumu kuliko kilipotoka kiwandani. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Panya wanaipenda sana, kwa hiyo unatia pilipili kidogo. Mwezi wangu wa pili nilizidisha pilipili, na mwalimu mmoja aliyekuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa alitoka pale akilia machozi katikati ya hadithi ya kuchekesha. Hakulamba kidole tena, nami sikuwahi kukiri.

Benchi nalo lilikuwa na sheria zake. Kula njugu nje, soma ndani. Usitoboe siri ya mwisho wa hadithi kwa sauti. Aliyetoboa alihamishwa akakae kwenye kigoda kilichotazama ukuta, hata awe diwani. Nimeona mtu na tai yake amekaa pale ametazama bati dakika kumi kama adhabu, na kesho yake akarudi. Watu walipenda lile duka, ndiyo maana nataka mnisikilize.

Lakini jambo kubwa la duka lile silo hilo. Jambo kubwa lilikuwa penseli. Ilining'inia kwa kamba kwenye msumari kando ya mlango, na mimi nilipofika sikujua kazi yake. Nilidhani ni ya Mama Pesila ya hesabu.

Nieleze. Vitabu vyetu vilikuwa vimepita mikono mingi. Majalada yalikwisha kudondoka, tukavivisha karatasi ya kaki, vyote vikafanana. Mteja analeta kimoja, anachukua kingine, na akifika nyumbani anakuta alishakisoma. Basi wateja wenyewe, kabla sijaja, walikuwa wameanzisha desturi yao. Kila mtu alikuwa na alama yake. Mmoja samaki, mwingine jembe, mwingine kikombe, mwingine jogoo mwenye miguu mitatu kwa sababu hakujua kuchora. Ukimaliza kitabu unaweka alama yako ndani, ndogo, pembeni. Na hawakuiweka ukurasa wowote tu. Uliweka alama pale ulipocheka zaidi. Kwa hiyo ukifungua kitabu na kukuta ukurasa una samaki, jembe na jogoo pamoja, unajua hapo pana kitu, unajiweka sawa kabla hujafika.

Haya yote hakuna aliyeniambia. Mama Pesila alidhani nimeona. Na mimi nilikuwa nimeona, ila niliona uchafu.

Wiki yangu ya tatu, Mama Pesila akaitwa kwao kwenye matanga. Akafunga duka wiki nzima, akaniachia ufunguo, akaniambia nipange rafu na nishone vilivyolegea. Mimi mgeni, nataka kumfurahisha tajiri wangu. Nikafungua kitabu cha kwanza, nikaona michoro ya penseli pembeni. Cha pili, vilevile. Nikasema moyoni, watoto wa watu wamekosa adabu. Nikavua shati.

Kuna siri ya kusafisha karatasi ambayo ufutio wa dukani hauiwezi. Unachukua mkate mweupe wa jana, unatoa nyama yake ya ndani, unaufinyanga kidonge, unasugua polepole kwa mzunguko. Penseli inatoka yote na karatasi haichuniki. Nilimaliza mikate sita. Nilifuta rafu ya juu, ya kati na ya chini. Nilifuta samaki, nikafuta majembe, nikafuta vikombe, nikamfuta jogoo wa miguu mitatu kila mahali alipokuwa. Jumamosi nilisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, nikajisifu peke yangu kwa sauti.

Mama Pesila akarudi Jumatatu. Akaingia akitabasamu, maana sakafu ilikuwa inang'aa. Akachukua kitabu kimoja, akafungua. Akachukua kingine. Cha tatu alipofungua akakaa kwenye benchi, na benchi likalia.

"Dobi," akasema polepole, "umewafukuza watu wote dukani bila kufungua mdomo."

Ndipo akanieleza ile penseli. Nilitamani ardhi ipasuke. Na hakunifokea, hapo ndipo nilipoogopa. Akanyanyuka akaenda kuchemsha chai, akaniacha na vitabu vyangu visafi.

Wiki ile ilikuwa ya aibu. Karani mmoja alichukua vitabu vitatu, akarudi kesho yake akiwa amevimba, vyote alishavisoma, kimoja mara mbili. Mwenye jogoo alikuja akatafuta jogoo wake kwenye kitabu anachokipenda, hakumwona, akaniuliza kama duka limeuzwa. Nikawa najificha nyuma ya rafu nikisikia hatua. Hata hivyo hao walikuwa wa kucheka nao baadaye. Yule ambaye hakuwa wa kucheka alikuja Alhamisi.

Alikuwa mama wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, ndoo tupu ya nyoyo mkononi. Nyoyo ni mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mnajua, au siku hizi mnakula vibanzi tu. Aliwauzia wafanyakazi langoni bandarini. Akasalimia, akatoa ndani ya ndoo kitabu cha jalada la kaki kilichofungwa kwenye leso.

Akasema anaitwa Mama Otieno, nyumbani kwao Sondu, ameolewa hapa, anakaa Nyalenda. Mume wake alikuwa fundi wa vyuma bandarini, na alizikwa miezi miwili iliyopita baada ya kuugua siku nne tu. Alipofungua sanduku lake la vyuma, chini ya nyundo na tupa, akakuta kitabu hiki. Akauliza rafiki za marehemu, wakamwambia kumbe Baba Otieno alikuwa anashinda hapa kila saa ya chakula. Yeye hakujua. Alidhani anakula kazini.

"Nimekuja kurudisha mali ya watu," akasema. Kisha hakuondoka.

Mama Pesila akamkalisha. Akasema anamkumbuka sana marehemu, jina lake pale lilikuwa Spana kwa sababu ya alama yake. Alikuwa anacheka mpaka anashika rafu.

Mama Otieno akamtazama kana kwamba ametajiwa mtu mwingine. Akatuambia, na namnukuu kama alivyosema, "Miaka kumi na tisa nimekaa na yule mtu. Sijawahi kuona jino lake. Akirudi anakula, anashukuru, anakaa kimya. Nilijiambia ni kazi nzito. Sasa mnaniambia anacheka. Basi ni mimi? Ni mimi niliyemkausha?"

Akafungua kile kitabu cha sandukuni. Ukurasa mmoja ulikuwa na spana ndogo imechorwa kwa nguvu, penseli ngumu ya fundi. Picha yenyewe ilikuwa ya mwanamke na mumewe wamekaa mlangoni wanamenya njugu na wanacheka, wote wawili vichwa nyuma. Hakuna maneno. Mama Otieno akauliza hapo kuna nini cha kuchekesha. Mimi pia sikuona. Ndipo akaomba alichokuja kuomba. Akasema anataka kuona vingine vyenye spana, vyote, aone mumewe alikuwa anacheka nini. Akijua hilo, alisema, atajua kama alikuwa na furaha, na kama ni yeye aliyemnyima.

Mama Pesila akanigeukia. Alitaka maneno yatoke kinywani mwangu, na alikuwa na haki.

Nikamwambia yule mama kwamba alama zote nilizifuta mimi, kwa mkate, wiki iliyopita. Nikamwambia nilikuwa dobi na nilidhani ni uchafu.

Akakunja leso yake.

"Basi umemfua mume wangu akaisha," akasema, akachukua ndoo, akatoka. Kitabu chake akaondoka nacho, akasahau kwamba alikuja kukirudisha.

Vijana wangu, nimekosea mengi katika maisha. Nimewahi kuunguza shuka la bwana harusi. Lakini siku ile niliketi nikaona sina mbele wala nyuma. Chakula kilinishinda. Mama Pesila akaniletea uji, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki, ila mtu anaweza kupangusa sakafu. Sikuelewa nipanguse nini.

Kesho yake nilifungua duka mapema kwa sababu nyumbani hapakukalika. Nikakaa kizingitini kushona kitabu kwa uzi wa nyavu. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza, limelala chini, linaingia mlangoni kwa ubavu. Nikainua ukurasa kutafuta tundu la sindano, na pembeni mwa ukurasa, mahali nilipokuwa nimesafisha mwenyewe, nikaona jembe.

Nikageuza ukurasa, jembe likapotea. Nikauinamisha tena, likarudi. Nikaelewa. Mkate unatoa penseli, lakini hautoi mkono. Mtu akibonyeza, karatasi inabaki na mfereji, na jua likija kwa ubavu mfereji unatupa kivuli. Na kama kuna mtu aliyekuwa na mkono mzito mji huu, alikuwa fundi wa vyuma.

Nilikimbia mpaka lango la bandari na sindano bado imening'inia kwenye shati. Mama Otieno alikuwa anawapimia watu nyoyo. Sikumpa nafasi ya kunikatalia, nilimwambia tu kwamba mume wake hakuisha, aje aone, ila lazima iwe asubuhi. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akaniambia kesho asubuhi anakuja.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ya asubuhi. Kuanzia saa moja mpaka kama saa mbili na nusu jua lilikuwa linafaa, likishapanda halifai tena. Mama Otieno kwenye kigoda, mimi kizingitini, tunainamisha ukurasa mmoja mmoja. Wenye alama nyingine wakasikia, wakaja kujitafuta nao. Mwenye jogoo alimpata jogoo wake siku ya tatu, akampitishia penseli upya, akanishika mkono. Kila alama tuliyoiona tuliirudishia penseli. Mama Pesila akawa anachemsha chai ya watu wanane kabla duka halijafunguliwa rasmi.

Na spana zilikuwepo. Woi, zilikuwa nyingi. Chifu mnene amekwama kwenye mlango wa ghala, spana. Mwizi amevaa chungu kichwani anagongana na ng'ombe, spana. Mbuzi anakula karatasi ya hakimu katikati ya hukumu, spana na mikwaruzo ya penseli kuonyesha mkono ulikuwa unatikisika. Mama Otieno mwanzoni alikuwa anatazama tu. Siku ya tano akatabasamu kwa yule mbuzi. Akaanza kusimulia naye. Akasema, huyu anayefurahia watu kuanguka matopeni, siku mimi nilipoanguka na ndoo ya maji mlangoni kwake hakugeuza hata shingo. Mwenye jogoo akamwambia labda alikuwa anacheka ndani. Akajibu kwamba ndani hakuna faida.

Kadiri tulivyopata spana ndivyo alivyozidi kunyamaza, na mimi nikaanza kuogopa. Siku moja akanieleza waziwazi. Alisema alipokuja alidhani mume wake hakuwa na kicheko kabisa. Sasa ameona alikuwa nacho, tena kingi, ila alikiacha hapa dukani kila siku na kuingia nyumbani mikono mitupu. Ni afadhali asingejua.

Tulifika rafu ya chini, mwisho kabisa, Jumanne. Kitabu kimoja, ukurasa wa katikati. Picha: mwanamke amekasirika anamkimbiza askari kuzunguka nyumba kwa mwiko, kisa askari amekanyaga mtama wake uliokuwa unaanikwa. Mume wa yule mwanamke amepanda juu ya paa anachungulia, amejificha. Na pembeni, spana. Kubwa kuliko zote. Chini yake palikuwa na kitu kingine ambacho hatukuwahi kukiona popote, palikuwa na maneno.

Nikasoma herufi moja moja, nikiinamisha kitabu, watu wote wamesimama nyuma yangu. Mistari ilikuwa miwili. Wa kwanza ulisema: *Huyu ni Mama Otieno kabisa.*

Mwenye jogoo akacheka kabla ya kufikiri. Mama Otieno hakucheka. Akautazama ule mwiko, akamtazama yule mume aliyejificha juu ya paa, akasimama.

"Imetosha," akasema. "Nimeona alivyoniona."

Nikamwambia angoje, kuna mstari wa pili. Lakini jua lilikuwa limepanda na kivuli kimekwisha, nikabaki nageuza karatasi kama mjinga. Tukatafuta tochi ya Mama Pesila, betri zimekufa. Alipofika mtu na betri mpya, Mama Otieno alikuwa ameshavuka barabara, na Mama Pesila akaniambia niziweke chini. Alisema maneno ya marehemu hayasomwi mwenyewe akiwa amewapa mgongo. Yakasubiri.

Jumatano mvua ikanyesha kutwa, na Mama Otieno hakuja hata kuuza nyoyo. Alhamisi pakakucha wazi. Nilikaa kizingitini saa moja kamili, peke yangu. Nilijiambia sisomi, naangalia tu kama mstari bado upo. Basi, mnajua. Nikausoma.

Nikafunga kitabu, nikakitia kifuani ndani ya shati, nikaenda bandarini. Alikuwa amerudi kazini, uso umefungwa. Akaniambia kama ni mambo ya katuni nirudi nilikotoka. Nikamuuliza swali moja tu, kama kile kitabu alichokikuta kwenye sanduku la vyuma bado anacho. Akasema kipo nyumbani, anakitumia kuinulia mguu wa kabati. Nikamsihi akilete. Nikamwambia kama baada ya hapo bado ana hasira, nitamfulia nguo mwaka mzima bila malipo. Nadhani ni hilo lililomtoa, maana alikuwa na watoto watano.

Ijumaa asubuhi alikuja. Kitabu kilikuwa na alama ya mguu wa kabati kwenye jalada. Nikaviweka viwili magotini mwake. Nikamwonyesha jinsi uzi wa kurasa ulivyokuwa uleule, jinsi yule mwanamke wa mwiko na yule mwanamke wa njugu walivyovaa leso moja yenye maua yaleyale. Ilikuwa hadithi moja iliyokatwa vipande viwili. Cha dukani sehemu ya kwanza, cha sandukuni ya pili. Katika ya pili askari ameshakimbia, mume ameshuka kwenye paa, na mke amemwona. Wamekaa mlangoni na njugu zao, na wanacheka kwa sababu ya ule mwiko.

Kisha nikainamisha ukurasa juani, nikamwachia asome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama tulivyofundishwa zamani.

"*Akiona sehemu ya pili atacheka,*" akasoma. Akavuta pumzi. "*Nampelekea.*"

Mama Pesila alikuwa ameshika birika, chai inamwagika, hakuona. Mama Otieno akageuza kitabu cha pili, akautazama ule ukurasa wa njugu, ule ambao siku ya kwanza alituuliza una nini cha kuchekesha. Akatuambia sanduku lile mumewe alilileta nyumbani wiki aliyougua, na kitabu ndani. Alikuwa amekifikisha mpaka nyumbani. Kilichobaki ilikuwa kufungua sanduku.

Halafu mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli analia, machozi yanateremka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kicheko. Alicheka akashika tumbo, akacheka akashika rafu, kama Mama Pesila alivyotuambia marehemu alikuwa anafanya. Alisema, yule mjinga, aliogopa mwiko wangu mpaka na kitabu akakificha chini ya nyundo. Alisema, angenionyesha ningempiga kidogo tu. Na sisi sote tukacheka naye, na kwenye benchi watu walikuwa wanajipangusa macho kwa vitabu vya duka, kinyume cha sheria.

Alipotulia akapanguza uso, akanyoosha mkono kuelekea msumari wa mlangoni. Akashika penseli. Akachora polepole, ulimi umetoka nje, pembeni mwa spana kwenye kitabu cha kwanza, kisha kwenye cha pili. Alichora mwiko.

Tangu siku ile alikuja kila Jumamosi, miaka mingi, mpaka Mama Pesila alipozeeka akarudi Maragoli na duka likafungwa. Alisoma rafu zote. Kila alipokuta spana, aliisoma hadithi, akacheka au akabishana naye kwa sauti, kisha akaweka mwiko kando. Pale asipokubaliana aliweka mwiko mbali kidogo. Wateja wapya walipofungua kitabu na kukuta spana na mwiko vimekaa pamoja walijua hapo wajiandae. Wengi walidhani ni mtu na mkewe wanaokuja kusoma pamoja, na hatukuwasahihisha.

Kwa hiyo wekeni mashine yenu ya kahawa, sina ugomvi nayo. Pakeni ukuta rangi mnayotaka. Lakini mnaponiuliza ni nini kitamtoa mtu Kisian au Sondu, apite maduka yote yenye vitu vipya vinavyong'aa, aje kwenu, jibu langu ni kwamba akute wenzake walipita hapo kabla yake, na walicheka wapi. Vitabu visafi vipo kila mahali. Mimi mwenyewe niliwahi kuvisafisha.

Mke wangu karudi, nasikia lango. Vile vitabu viwili vya spana na mwiko, nilivyobaki navyo duka lilipofungwa, nimevifunga kwenye leso, viko juu ya kabati la sebuleni, njooni mvichukue Jumamosi viwe vya kwanza kwenye rafu yenu. Mtu yeyote asivishike na mkate. Penseli na kamba nimewawekea pamoja navyo, msumari mtapigilia wenyewe kando ya mlango. Na mlango, nawaomba sana, utazame mashariki.